Kabla ya Kamba: Dharura za Akili na Vilevi Tarime na Serengeti

Dharura ya afya ya akili ni hali ambayo fikra, hisia au mwenendo wa mtu hubadilika kwa kasi kiasi cha kuhatarisha uhai wake au wa walio karibu naye ndani ya saa chache, iwe chanzo chake ni ugonjwa wa akili wenyewe, kilevi kilichotumiwa kupita kiasi, kilevi kilichoachwa ghafla, au maradhi ya mwili yaliyojivika sura ya wazimu. Katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Tanzania ya vijijini, dharura ya aina hiyo ina njia yake iliyozoeleka: ndugu na majirani hukusanyika, kamba huletwa, mwenyekiti wa kitongoji huarifiwa, kisha mgonjwa hufungwa mikono na kupandishwa bodaboda katikati ya watu wawili, mtindo unaojulikana kwa jina la mishikaki, hadi kwa mganga, kituo cha polisi au zahanati, kutegemea ni kipi kilicho karibu na ni nani mwenye sauti katika familia. Wanaofanya hivyo si watu katili. Wengi wao ni wazazi, kaka na wake wa mgonjwa waliokesha naye, wanaompenda na kumwogopa kwa wakati mmoja, na ambao hawajaonyeshwa njia nyingine.

Njia nyingine ipo, nayo imejaribiwa mahali pengi kwa jina la timu tembezi za dharura ya akili, yaani kikundi kidogo cha watoa huduma, kwa kawaida wawili au watatu, kinachoondoka kituoni na kumfuata mgonjwa alipo, awe nyumbani, shambani, sokoni au kando ya barabara, ili kumtuliza, kumpima, kuamua kama anaweza kuhudumiwa papo hapo au lazima apelekwe hospitali, na kumsindikiza iwapo safari haiepukiki. Mji wa Eugene katika jimbo la Oregon, Marekani, ulikuwa na timu ya namna hiyo tangu mwaka 1989, ikiitwa CAHOOTS na kuendeshwa na kliniki ya White Bird, ambapo mtu mwenye ujuzi wa tiba na mwenzake aliyefundishwa kuzungumza na mtu aliye katika taharuki walitumwa pamoja, bila silaha. Jijini Stockholm, Sweden, gari la wagonjwa lililotengwa kwa ajili ya dharura za akili tu lilianza kazi mwaka 2015, likibeba wauguzi wawili wa magonjwa ya akili na dereva mwenye mafunzo ya uokoaji. Mifano hiyo ni ya nchi tajiri zenye barabara za lami na madaktari wengi, na kuihamishia Nyamwaga au Machochwe, katika wilaya hizi, kama ilivyo kungekuwa kosa. Kinachostahili kuchukuliwa ni kanuni iliyo ndani yake, kwamba mtu wa kwanza kumfikia aliyerukwa na akili awe mtoa huduma ya afya, na kwamba afike kabla ya kamba.

Hoja ya makala haya ni kwamba Tarime na Serengeti hazina haja ya kufundishwa namna ya kukimbilia dharura usiku, kwa sababu tayari zinafanya hivyo kwa makundi mawili ya watu, na zinafanya kwa ustadi unaostahili heshima. Kundi la kwanza ni wajawazito, wanawake waliojifungua karibuni na watoto wachanga, ambao wanahudumiwa na mfumo wa usafiri wa dharura uitwao m-mama. Mfumo huo ulianza kujaribiwa mwaka 2013 katika Kanda ya Ziwa, ukachukuliwa na serikali, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kuenezwa kwake nchi nzima. Utaratibu wake ni rahisi kuelezeka: mwanafamilia au mhudumu wa zahanati hupiga namba 115 bila malipo, muuguzi aliye katika kituo cha kuratibu humuuliza maswali yaliyopangwa ili kupima uzito wa hali, kisha hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana humwita dereva jamii, yaani mwenye gari la kawaida aliyesajiliwa na kupewa mafunzo mapema, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa kituoni. Ubunifu mkubwa wa m-mama uko katika kukubali kwamba magari ya wagonjwa hayatoshi na hayatatosha kesho, na kwamba hata hivyo kijiji hakikosi gari wala mtu wa kuliendesha.

Kundi la pili ni wasichana wanaokimbia ukeketaji, na hapa wilaya hizi mbili zina historia ambayo si wilaya nyingi duniani zinayo. Kila ukaribiapo mwezi Desemba wa mwaka ambao ukeketaji hufanywa, wasichana huanza kutoroka makwao usiku, wengine wakitembea umbali mrefu porini, kuelekea kituo cha Masanga wilayani Tarime au Nyumba Salama za Mugumu na Butiama zinazoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly. Waokoaji, wakishirikiana na Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi, walikabiliwa na tatizo ambalo mtu wa mjini hawezi kulifikiria kwa urahisi: simu ya msichana au ya msamaria mwema ilitaja jina la kitongoji, lakini kitongoji hicho hakikuwepo kwenye ramani yoyote ambayo dereva angeweza kuifuata gizani. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, uliwaunganisha watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, waliochora barabara na nyumba kutoka kwenye picha za setilaiti, na wakazi wa vijijini wenye simu janja, walioongeza majina ya vitongoji, shule, zahanati na mikondo ya mito. Leo gari la uokoaji linaweza kufika penye nyumba ambayo zamani ilihitaji mwongozaji. Zaidi ya ramani, kulikuwa na watu: katika vijiji waliteuliwa wawakilishi wenye simu, wanaojulikana na majirani zao, ambao kazi yao ni kupokea habari na kuipeleka kwa haraka mahali panapohusika.

Ukizitazama kazi hizo mbili kwa pamoja utaona kwamba sehemu zote za timu tembezi ya dharura ya akili tayari ziko ndani ya wilaya, ila zimetawanyika. Namba ya bure ipo, maswali ya kupima uzito wa hali yapo, madereva jamii wapo, ramani ipo, wawakilishi wa vijiji wapo. Kinachokosekana ni uamuzi wa kumhesabu mtu aliyepagawa kuwa mgonjwa tangu dakika ya kwanza, kama anavyohesabiwa mama anayevuja damu.

Uamuzi huo unazidi kuwa wa lazima kwa sababu ya mahali penyewe palivyo. Tarime inapakana na Kenya, na mpaka wa Sirari na Isebania unazitenganisha nchi mbili zenye sheria zinazopingana juu ya vitu vilevile: mirungi ni zao halali la biashara upande wa Kenya na ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku upande wa Tanzania. Bangi hulimwa katika bonde la Mto Mara kwa siri ambayo si siri, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imefanya operesheni za mara kwa mara za kufyeka na kuteketeza mashamba yake. Kuna gongo, pombe kali inayotengenezwa kienyeji ambayo kiwango chake cha nguvu hakijulikani na yeyote, akiwemo aliyeipika. Kuna pia Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu wa North Mara, ambapo vijana wanaotafuta riziki kwenye mabaki ya mawe huishi maisha ya hatari, ya usiku, yenye fedha za ghafla na njaa za ghafla, mazingira ambayo kila mahali duniani huvuta vilevi.

Lugha ya mtaani ina maelezo mafupi kwa yote haya, kichaa cha bangi, na maelezo hayo yana ukweli kidogo na upotofu mwingi. Ni kweli kwamba bangi, hasa ikivutwa kila siku na ikianzwa utotoni, huongeza uwezekano wa mtu kupata saikosisi, yaani hali ya kupoteza mpaka kati ya kilichopo na kisichopo, ambapo mgonjwa husikia sauti zisizosikiwa na wengine au huamini kwa uthabiti usiotikisika kwamba watu wanapanga kumuua. Lakini si kila kijana anayesikia sauti amevuta bangi, na si kila aliyevuta bangi hukoma kusikia sauti akishaiacha. Sizofrenia, ugonjwa sugu wa akili unaoanza mara nyingi kati ya miaka ya mwisho ya ujana na miaka ya ishirini na kitu, huanza katika umri uleule ambao vijana huanza kujaribu vilevi, na familia inayoona mambo hayo mawili kwa pamoja huhitimisha kwamba moja limeleta jingine. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa hulaumiwa badala ya kutibiwa, na lawama hiyo humfuata hadi kwenye benchi la zahanati.

Pombe ina hatari yake ambayo haijulikani sana vijijini, nayo ni hatari ya kuiacha. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka mingi, akizuiwa ghafla kwa sababu amefungwa mahabusu, amelazwa kwa mguu uliovunjika au ameapa kanisani kutokunywa tena, huanza kutetemeka ndani ya siku moja, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuingia katika hali ya kuweweseka, kuona wadudu ukutani, kutokwa jasho jingi na kupata degedege. Watumiaji wa vilevi huziita dalili za kukosa kilevi arosto, neno ambalo mijini huhusishwa zaidi na heroini, lakini arosto ya pombe ndiyo inayoua kwa wepesi zaidi. Tiba yake haihitaji hospitali ya rufaa: ni diazepamu kwa kipimo, maji, vitamini B1 na jicho la muuguzi. Mtu huyo akichukuliwa kuwa mkorofi na kuachwa mahabusu hadi apoe, anaweza kupoa kwa maana isiyorudishika.

Kisha yako yale maradhi ya mwili yanayojificha nyuma ya wazimu, na hapa ndipo ubora wa timu yenye mtoa huduma ya afya unapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Mkoa wa Mara uko katika Kanda ya Ziwa, ambako malaria ina nguvu, na malaria iliyopanda kichwani inaweza kumfanya mtu mzima mwenye heshima zake avue nguo na kukimbia ovyo kabla hajazimia. Sukari iliyoshuka, iwe kwa mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini bila kula au kwa mlevi aliyekunywa siku nzima tumbo likiwa tupu, huleta ukali, kupayuka na kuchanganyikiwa, na hali hiyo hutoweka ndani ya dakika chache mgonjwa akipewa sukari. Mwenye kifafa, baada ya kuanguka, anaweza kupita katika kipindi cha kutojitambua ambapo humpiga yeyote anayemgusa, bila kukumbuka lolote baadaye. Mama aliyejifungua wiki moja iliyopita na ambaye halali, anaongea bila kukoma na anasema mtoto si wake, huenda ana saikosisi ya uzazi, hali inayowapata takribani wanawake mmoja hadi wawili katika kila uzazi 1,000 na ambayo ni miongoni mwa dharura kali kuliko zote, kwa sababu inaweka roho mbili hatarini. Tone la damu katika kipimo cha haraka cha malaria, tone jingine katika kipimo cha sukari, kipimajoto na maswali matano kwa ndugu vinatosha kutenganisha mengi ya maradhi hayo, na vyote hivyo huingia katika begi la mgongoni. Kamba haitenganishi chochote.

Inafaa kusema wazi kamba hufanya nini. Mikono iliyokazwa nyuma kwa saa nyingi huharibika mishipa ya fahamu, na wako watu waliopona akili zao lakini wakabaki na viganja visivyofanya kazi. Mtu anayelazwa kifudifudi huku wengine wamemkalia mgongoni, hasa akiwa amelewa, anaweza kukosa pumzi na kufa huku waliomshika wakidhani ametulia. Jeraha lisiloonekana ni kubwa zaidi, maana mgonjwa akizinduka hukumbuka ni nani aliyeshika ncha ya kamba, na mara nyingi ni kaka yake au mwanawe, ndiyo maana wengi huficha dalili za awali za kurudi kwa ugonjwa, wakihofia kwamba kukiri kutokulala siku mbili ni kujiitia kamba nyingine.

Kwa upande wa sheria, Tanzania Bara ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni, na ambayo inatambua mgonjwa anayelazwa kwa hiari yake, anayelazwa kwa maombi ya wengine na anayepokelewa kwa dharura. Sheria hiyo inaweka utaratibu wa mtu kufika hospitali, lakini sheria haina magurudumu, na pale ambapo hospitali haina wa kumtuma, mwenye magurudumu ni polisi. Mtu aliyejeruhiwa au aliyejeruhi wakati wa taharuki hutakiwa kwa desturi kuwa na fomu namba tatu ya polisi, maarufu kama PF3, kabla ya kutibiwa, jambo linaloifanya familia ianzie kituoni hata inapokuwa haina nia ya kumshtaki mtu. Iwapo mgonjwa amemuua mtu, safari yake inaweza kuishia Isanga, jijini Dodoma, taasisi inayopokea watuhumiwa wa jinai wanaochunguzwa akili zao, mamia ya kilomita kutoka nyumbani. Mgonjwa huyohuyo, kama angefikiwa na muuguzi siku tatu kabla, pengine asingeujua hata mlango wa mahakama.

Jambo linaloumiza zaidi linahusu wanaojaribu kujiua. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, wakati ng'ambo ya mpaka, Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao, chenye maudhui kama hayo, ni kinyume cha katiba. Katika wilaya za wakulima, njia iliyo karibu na mtu aliyekata tamaa ni kopo la dawa ya kuulia wadudu lililowekwa chini ya kitanda au juu ya dari, na sumu za kundi la oganofosfeti huua kwa kujaza mapafu maji na kuzima pumzi, ingawa atropini ikitolewa mapema kwa kipimo cha kutosha inaweza kumrudisha mtu. Kila dakika ambayo familia inatumia kujadiliana kama itatoa taarifa na kuhatarisha ndugu yao kushtakiwa, au itasema amekula chakula kibaya, ni dakika iliyoibwa kutoka kwa atropini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na wengi wao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Sheria inayowafanya watu wafiche haimzuii hata mmoja kujiua.

Kwa sababu hizo, timu yoyote itakayoundwa lazima ijitenge waziwazi na kazi ya kukamata. Familia ambayo mtoto wake amepagawa na ambayo ina miche kadhaa ya bangi nyuma ya nyumba haitapiga simu ikiamini kwamba gari litakalokuja litahesabu miche hiyo. Katika vijiji vinavyouzunguka mgodi wa Nyamongo, mivutano ya miaka mingi kati ya wakazi na walinzi pamoja na polisi imefika hadi mahakama za Uingereza na Canada, na huko gari lenye rangi za polisi halileti utulivu kwa mtu ambaye tayari anaamini anawindwa. Aidha, Tarime ni nchi ya koo, na kumbukumbu za mapigano ya koo yaliyochangia kuundwa kwa mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya bado ni mbichi kwa watu wazima wengi, kiasi kwamba swali la nani anaingia boma la nani usiku si swali dogo. Hii haina maana kwamba polisi hawahitajiki. Penye panga mkononi na watoto ndani ya nyumba, polisi wanahitajika, na uzoefu wa Dawati la Jinsia umeonyesha kwamba askari aliyefundishwa vizuri anaweza kusimama nyuma na kumwacha mwenzake azungumze. Tofauti iko katika nani anatangulia.

Anayepaswa kutangulia ni nani, katika mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.3 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, ndani ya nchi ambayo haina hata daktari bingwa mmoja wa magonjwa ya akili kwa kila watu 100,000? Jibu halikuanza leo. Mapema miaka ya 1980 Tanzania, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, iliendesha mpango wa taifa wa afya ya akili ulioanzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ambao ulitaka wahudumu wa zahanati wafundishwe kutambua na kutibu magonjwa makuu ya akili badala ya kila mgonjwa kusafirishwa hadi Mirembe, hospitali iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927. Wazo hilo lilikuwa mbele ya wakati wake, na mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua mhGAP, mpango wa kuwafundisha watoa huduma wasio mabingwa, ambao kwa kiini chake unasema jambo lilelile. Kwa hiyo timu ya Tarime au Serengeti haihitaji kumsubiri bingwa ahamie Mugumu. Inahitaji muuguzi au tabibu mmoja aliyepitia mafunzo ya afya ya akili, ofisa ustawi wa jamii mmoja na dereva jamii mmoja, wakiwa zamu, wakiwa na simu ya kumwuliza daktari wa Musoma au wa hospitali ya Bugando jijini Mwanza pale dawa ya kutuliza inapohitajika.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii naye ana nafasi kubwa. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu hao 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, wanaoishi katika kitongoji au mtaa wanaouhudumia, na hakuna anayejua zaidi yao ni nyumba ipi ambayo mtu hajalala siku tatu. Mhudumu huyo akijua dalili chache za hatari, na akijua kwamba simu yake itapokelewa, dharura nyingi zitazuiwa zikiwa bado hazijawa dharura. Ataleta pia kile ambacho mafunzo ya chuoni hayatoi, yaani ujuzi wa desturi za nyumba. Miongoni mwa Wakurya wa wilaya hizi, kwa mfano, kuna ndoa ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke kijana ili apate watoto wa kurithi jina na mali, na timu inayofika na kuuliza kwa haraka baba mwenye nyumba yuko wapi itakuwa imemvunjia heshima mwenye nyumba aliye mbele yake, ambaye ndiye pekee mwenye uwezo wa kuridhia mgonjwa aondoke. Wazee wa mila, ambao kauli yao imekuwa na uzito katika suala la ukeketaji kwa pande zote mbili, ya kuuendeleza na ya kuuacha, nao hawaepukiki. Ikiwa mzee anayeheshimiwa atatamka kwenye ritongo, mkutano wa ukoo, kwamba mwenye wazimu asifungwe mpaka muuguzi aitwe, tamko hilo litakwenda mbali kuliko waraka.

Kazi ya timu ikifika ni ndogo kwa kuangaliwa na kubwa kwa matokeo. Mmoja tu huzungumza, kwa sauti ya chini, akijitambulisha kwa jina, akisimama mbali kiasi cha kutomzibia mgonjwa njia ya kutokea. Umati huondolewa, kwa kuwa watazamaji huongeza hofu. Maji au chakula hutolewa kabla ya dawa. Dawa ya kumeza hupendekezwa kabla ya sindano, na sindano ya haloperidoli au diazepamu hubaki kwa yule ambaye maneno yameshindwa kumfikia. Anayebishana na mtu mwenye saikosisi kwamba sauti anazosikia hazipo hupoteza muda, na anayekubali kwamba zipo humdanganya. Aliyefundishwa husema kwamba anaona jinsi sauti hizo zinavyomtesa, na kwamba amekuja kumsaidia apumzike. Hakuna katika hayo kisichoweza kufundishwa kwa Kiswahili na Kikurya ndani ya wiki chache.

Penye ugumu wa kweli ni baada ya usiku huo. Barabara ya Tarime hadi Mugumu kupitia Nyamwaga na Nyamongo ina urefu wa zaidi ya kilomita 80, na familia iliyompeleka mgonjwa hospitali mara moja haitamrudisha kila mwezi kuchukua vidonge ambavyo huenda havipo. Dawa za sizofrenia na za kifafa zikikatika zahanati, timu itaitwa tena kwa mgonjwa yuleyule kila baada ya miezi mitatu, na wananchi watahitimisha kwamba huduma haifai. Fungu la fedha nalo lina uzito wake: ile timu ya Eugene, iliyofanya kazi kwa miaka zaidi ya 35 na kuigwa na miji mingi, ilisitisha huduma zake mjini humo Aprili 2025 kwa kukosa fedha. Huduma isiyo na kifungu chake katika bajeti ya umma huishi kwa hisani ya wafadhili, na wafadhili huondoka.

Pa kuanzia pamekwisha kuonekana, napo ni kwa yule mama mwenye saikosisi ya uzazi. Yeye tayari ni wa m-mama kwa sababu amejifungua karibuni, na tayari ni mgonjwa wa akili kwa sababu ya hali yake. Muuguzi wa kituo cha kuratibu akiongezewa maswali manne juu ya usingizi, sauti, nia ya kujidhuru na nia ya kumdhuru mtoto, na dereva jamii akifundishwa kusafiri na mgonjwa asiyefungwa, wilaya itakuwa imejenga timu yake ya kwanza bila kununua gari. Kutoka kwa mama huyo, mlango uleule unaweza kufunguliwa kwa kijana wa Nyamongo, kwa mzee wa Muriba anayetetemeka kwa kukosa gongo, na kwa mkulima wa Ring'wani aliye na kopo la sumu mkononi.

Madiwani wa Halmashauri ya Mji wa Tarime, ya Wilaya ya Tarime na ya Serengeti hukaa kila mwaka kupitisha bajeti zao kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai. Wananchi wanaosoma haya na ambao wamewahi kushika ncha ya kamba hiyo wawaombe madiwani wao kifungu kimoja, cha muuguzi wa zamu, begi lake na nauli ya dereva, na waombe kiandikwe kwa jina la mgonjwa wa akili.